Moshi Iliyopigana Iko Juu

Mji wa Moshi tunaoujua leo haukuwepo wakati wa vita ya 1892. Umezaliwa na reli. Njia ya garimoshi kutoka Tanga ilipofika hapa bondeni mwaka 1911, maduka, maghala na ofisi zilianza kujazana kuizunguka stesheni, na jina la Moshi likateremka mlimani likaja kukaa kwenye joto. Moshi yenyewe, ile iliyomshinda Mjerumani mwezi Juni 1892, ilibaki migombani ikaitwa Old Moshi. Mgeni anayeshukia stendi, akalala hotelini, akapandishwa gari hadi lango la Marangu na kurudi na cheti chake cha kufika kileleni, anaweza kumaliza wiki nzima asijue kama mahali hapo papo.

Mimi nilikwenda kupatafuta. Shuleni tulisomeshwa Abushiri na Bwana Heri wa Pwani, tukasomeshwa Mkwawa na Lugalo, tukakariri sababu za Maji Maji mpaka tukaziota. Vita ya Kilimanjaro ilipata sentensi moja au mbili, mwalimu akafunua ukurasa. Swali lililonipandisha mlimani lilikuwa hili: watu wa Moshi walimpokea Mjerumani kwa mkataba mwaka 1885, wakampelekea Kaisari wake pembe ya ndovu mwaka 1889, na mwaka 1892 wakawaua maofisa wake. Kitu gani kilipita hapo katikati?

Ukitoka Moshi kwa barabara ya Himo unafika Kiboriloni, penye soko kubwa la mitumba. Hapo unaiacha barabara kuu, unakata kushoto, unaanza kupanda. Nilichukua bodaboda. Kijana aliponisikia nataja Tsuduni, kule Old Moshi, akauliza, "Unakwenda kwa Mangi?" kama vile Mangi, mtawala wa Kichaga wa zamani, yupo nyumbani anasubiri wageni. Chini kule ni mahindi, alizeti na vumbi. Ukishapanda kidogo hewa inapoa, mashamba ya wazi yanakwisha na vihamba vinaanza: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, magimbi kandokando ya maji. Mipaka ya vihamba imepandwa masale, ule mmea wa majani marefu ambao kwa Mchaga ni mpaka, ni amani na ni namna ya kuombana msamaha.

Nilimwomba kijana asimame nikaingia kwa miguu katika kijia kimoja kati ya vihamba viwili. Kijia kilikuwa na upana wa mtu mmoja. Upande wa kushoto ulipita mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji kutoka kwenye mito ya juu, na kingo zake zilikuwa zimejengwa kwa udongo na mawe, utelezi mtupu. Nilipiga hatua kama ishirini nikageuka. Pikipiki sikuiona tena, wala kijana. Nilisikia mtu akikata majani ya ng'ombe karibu kabisa nami, pengine umbali wa kurusha jiwe, lakini sikujua yuko upande gani. Niliposimama hapo ndipo nilipoielewa ile siku ya Juni. Bunduki nzuri ya Kijerumani inataka uwanja. Inataka kumwona adui angali mbali. Askari wanaopita mmojammoja katika kijia kama kile, mkono wa kulia ukuta wa migomba, mkono wa kushoto mfereji, na watu wa nchi wanaojua kila kichochoro wako ndani ya majani na bunduki zao wenyewe, wamekwisha kuuzwa.

Lakini hayo ni maelezo ya ushindi. Sababu za vita zilianza mapema zaidi, na lazima zianzie kwa Rindi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, baba yake Mangi Meli aliyeipigana vita hiyo.

Nchi ya Rindi haikuwa kubwa. Kibosho, chini ya Mangi Sina, ilimzidi nguvu za vita. Alichokuwa nacho Rindi ni ustadi wa kukaa na wageni. Misafara ya Pwani iliyokuja kutafuta pembe ilipiga kambi kwake. Aliwauzia pembe, aliwauzia chakula na, tuseme kweli, aliwauzia watu pia, mateka wa mashambulizi dhidi ya majirani. Alijikusanyia bunduki na baruti. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa kwake, na mwaka uliofuata wamisionari wa Kiingereza wa CMS wakapewa mahali pa kujenga. Mwaka huohuo wa 1885 jemadari wa Sultani Barghash, Lloyd Mathews, alipanda kutoka Pwani na bendera nyekundu ya Zanzibar, na mamangi wakakubali kuwa wao ni watu wa Sultani. Wiki chache baadaye akaja Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Karl Peters, na Rindi akafanya mkataba naye pia.

Wapo wanaosoma habari hiyo wakamwona Rindi kigeugeu. Mimi namwona mtawala aliyefanya kilekile alichokuwa akikifanya siku zote. Kila mgeni mwenye nguvu alikuwa rafiki wa kumtumia dhidi ya Sina, na urafiki kwa desturi ya mlimani huthibitishwa kwa zawadi, huendelezwa kwa zawadi, na ukichuja hutafutwa mwingine. Karatasi ya Jühlke aliielewa hivyo. Kule Berlin karatasi ileile ilisomwa kuwa nchi imetolewa, ardhi na watu wake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana, mstari wa mpaka ukapindishwa kuuzunguka mlima, na hakuna mangi hata mmoja aliyeulizwa. (Kile kisa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima kuwa zawadi ya sikukuu ya kuzaliwa ni hadithi tu. Wilhelm hakuwa hata Kaisari mwaka huo.)

Rindi hakujua, au hakutaka kujua. Mwaka 1889 aliwatuma wajumbe wake hadi Berlin pamoja na msafiri Otto Ehlers, wakiwa na pembe ya ndovu ya kumpa Kaisari. Mangi anamsalimia mangi mwenzake. Februari 1891 alipata alichokitamani maisha yake yote: Hermann von Wissmann, yule aliyetoka kuwazima watu wa Pwani na kumnyonga Abushiri, alipanda Kilimanjaro na askari wake Wasudani na Wazulu, na wapiganaji wa Moshi wakaandamana naye kuishambulia Kibosho. Sina alipigana vikali, akashindwa.

Hapo ndipo ninapoiona sababu ya kwanza ya vita ya 1892, na sijaiona ikisisitizwa vya kutosha. Siku Sina alipoanguka, Mjerumani hakumhitaji Rindi tena. Rafiki aliyekuwa na thamani kwa sababu ya adui, adui akiondoka thamani yake huondoka naye.

Tsuduni nilimkuta mzee mmoja ameketi nje ya nyumba iliyo jirani na kiwanja. "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?" Nikamwambia nimekuja kuona alikonyongewa Mangi. Akainuka bila kuuliza zaidi, akanitangulia na fimbo yake. Mti upo. Ni mti wa miiba, jamii ya mgunga, na mahali hapo pametengenezwa pawe pa kumbukumbu. Mzee hakunihubiria. Aliniachia nafasi nikasimama, kisha akanielekeza kwa fimbo upande lilipokuwa boma la Wajerumani, tena upande wa bondeni, ambako siku isiyo na mawingu unaona tambarare yote hadi milima ya Upare. Nilitambua kwamba aliyekaa hapa aliona kila msafara ukija siku nzima kabla haujafika. Nchi kama hiyo haishtukizwi. Ilibidi isalitiwe.

Sababu ya pili nililazimika kuifuata Marangu. Nilipanda daladala ya Himo, kutoka Himo tukakata kwenda juu, gari limejaa wanafunzi, mikungu ya ndizi na magunia. Marangu leo ni mji wa watalii. Langoni mwa hifadhi kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 1889, na ya Yohani Kinyala Lauwo, mwenyeji wa hapahapa anayekumbukwa kuwa mwongozaji wake. Vijana wanapiga picha. Habari niliyoifuata mimi sikuiona imeandikwa popote.

Mwaka 1891 Karl Peters, mwanzilishi wa koloni lenyewe, aliletwa Kilimanjaro akiwa kamishna wa Kaisari. Akaihamisha stesheni ya Wajerumani kutoka Moshi akaiweka Marangu. Kwa ofisa wa Berlin hilo lilikuwa jambo la mahali pa kujenga. Kwa mlima lilikuwa mapinduzi. Kwa miaka mingi zawadi, biashara na heshima ya kupokea wageni vilikuwa mali ya Moshi, sasa vilihamia kwa Mangi Marealle wa Marangu, kijana mwenye akili nyingi na nchi ndogo. Marealle alielewa upesi kwamba masikio ya Mjerumani ni silaha kubwa kuliko bunduki. Alianza kuyajaza habari za Moshi. Watu wa Old Moshi hadi leo hutaja jina lake kwa uzito. Mimi siwezi kumhukumu kwa wepesi, maana alimfanyia Meli kile ambacho Rindi alimfanyia Sina. Tofauti ni kwamba safari hii dola ilikuwa imekwisha kushika mizizi, na kila fitina iliyopelekwa bomani iliweza kurudi ikiwa kamba ya kunyongea.

Na huyo Peters aliwaonyesha watu wa mlima utawala wake ukoje. Oktoba 1891 alimnyonga mtumishi wake, kijana aliyeitwa Mabruk. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi. Januari 1892 akamnyonga Jagodja, msichana aliyekuwa amemfanya suria, aliyetoroka akarudishwa na kuchapwa kabla ya kuuawa. Kiini cha yote mawili kilikuwa wivu wa mwanamume mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kuua bila kuulizwa. August Bebel aliyaanika hayo katika bunge la Ujerumani mwaka 1896, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa kazi. Baadaye Kaisari alimrudishia cheo chake, na utawala wa Hitler ukamsafisha jina akiwa kaburini. Mimi nafikiria zaidi wale waliopita Marangu asubuhi ya Januari ile wakauona mwili wa msichana. Mangi wa Kichaga alikuwa na ukali wake, aliweza kuua, lakini alikuwa na wazee wa koo wa kumsemesha, na mke aliyekimbia alikuwa na kwao pa kukimbilia. Peters hakuwa na mzee wa kumsemesha. Habari za namna hiyo haziwezi kuwa zilichelewa kufika Moshi, na miezi mitano baadaye Moshi ikapigana.

Rindi alikuwa amekwisha kufa mwaka 1891. Meli alirithi kiti akiwa kijana, akarithi bunduki za baba yake, kiburi cha nchi iliyowahi kupeleka wajumbe Berlin, na stesheni ya wageni iliyohamia kwa mpinzani. Peters alipoondoka, Albrecht von Bülow alishika nafasi yake Marangu. Tuhuma zikaongezeka, na tarehe 10 Juni 1892 Bülow aliamua kwenda kumwadhibu Meli. Aliingia katika ile migomba niliyoieleza. Luteni Wolfrum aliuawa, Bülow mwenyewe akapata majeraha yaliyomuua, na waliosalimika wakakimbia. Ulikuwa ushindi wa wazi juu ya jeshi la dola la Ulaya, chini ya mwaka mmoja tangu Wahehe wamuue Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo.

Wajerumani hawakuamini kwamba Waafrika wameweza wenyewe. Waliwatuhumu wamisionari wa Kiingereza, wakasema ndio waliowapa Wachaga bunduki, nao wakalazimika kuihama Moshi kwenda Taveta, ng'ambo ya mpaka. Bunduki za Moshi zilikuwa za biashara ya pembe, zimenunuliwa mwaka baada ya mwaka mbele ya macho ya kila mtu. Agosti 1893 Friedrich von Schele, aliyekuwa akikaimu ugavana, alipanda mwenyewe na jeshi kubwa, akamshinda Meli. Nafasi ya CMS ikachukuliwa na Walutheri wa Leipzig, ambao kanisa lao la Kidia liko hapo juu kidogo ya Tsuduni na bado linajaa kila Jumapili.

Kilichofuata baada ya 1893 ndicho kilichozaa jaribio la mwisho la kumwondoa Mjerumani, hata kama lilikuwa jaribio la vinong'ono tu. Boma lilirudishwa Moshi, safari hii si kwa mwaliko. Kapteni Kurt Johannes akawa mkubwa wa mlima. Watu wa Meli walijengeshwa boma la kuwatawala. Wanaume waliitwa kazini msimu wa kulima, wake zao wakabaki na jembe na mifongo iliyotaka kuzibuliwa. Mangi aliyekuwa akiamua nani afanye kazi ya nchi, sasa alitumwa kukusanya wafanyakazi wa mwingine, na akipungukiwa aliulizwa yeye. Kuanzia mwaka 1898 ikaja kodi ya kibanda, rupia 3, kwa watu ambao mali yao ilikuwa ng'ombe, ndizi na ulezi wa mbege. Mwenye rupia alizipata wapi? Kwa Mjerumani, akimfanyia kazi. Hilo ndilo lililokuwa lengo la kodi.

Kisha ikaja damu ya Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Johannes alikwenda kulipiza kisasi, na aliwachukua wapiganaji wa Kichaga kwa maelfu. Migomba ya Wameru na Waarusha ilifyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Wachaga wengi walirudi na mifugo. Hili huwa hatupendi kulisimulia tunapokaa kwenye vilabu vya mbege, lakini bila kulisema hatuwezi kuuelewa ukubwa wa kilichotokea baadaye: kwamba miaka mitatu tu kupita, Wachaga, Wameru na Waarusha walituhumiwa kupanga pamoja kumwondoa Mjerumani. Taabu zilikuwa zimewafikia wote. Kama njama ilikuwepo kweli, ilikuwa mara ya kwanza watu wa milima hii miwili kumwona adui mmoja. Wengi wanasema ilikuzwa na maneno ya Marangu. Johannes hakusubiri kupima.

Tarehe 2 Machi 1900, chini ya mti ule, walinyongwa watu 19 mbele ya umati ulioitwa kushuhudia. Mangi Meli wa Moshi. Mangi Ngalami wa Siha. Mangi Molelia wa Kibosho, mwana wa yuleyule Sina ambaye Rindi alisaidia kumpiga. Wazee wa Meru na Arusha pamoja nao. Husimuliwa mlimani kwamba Meli hakufa upesi. Mzee wangu wa Tsuduni alinisimulia hivyo naye, kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa ameegemea fimbo.

Marealle alikuzwa, akapewa nchi za wengine azisimamie. Miaka michache baadaye naye alianguka katika masikio yaleyale, akakimbilia upande wa Waingereza. Watu huuliza kwa nini Kilimanjaro haikuinuka wakati Wamatumbi walipong'oa pamba mwaka 1905 na vita ya Maji Maji ikaenea kusini yote. Zipo sababu za umbali, na za mazao, na za dini. Mimi nikisimama Tsuduni naona jibu moja: waliokuwa na uwezo wa kuinua mlima walikuwa wamenyongwa miaka mitano kabla.

Wajerumani hawakuishia kunyonga. Vichwa vya watu waliouawa katika koloni vilikuwa vikikusanywa na kusafirishwa Berlin kwa ajili ya Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho aliyetaka mafuvu ya kupima. Ukoo wa Meli unaamini kichwa chake kilikwenda huko, na mjukuu wake alitumia miongo mingi kuandika barua na kubisha hodi ofisini akikidai. Mkwawa fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 kwa sababu mkataba wa Versailles ulilitaja kwa jina. Meli hakutajwa na mkataba wowote. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa, kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyochunguzwa, moja limelingana kikamilifu kwa vinasaba na ukoo ulio hai Kilimanjaro: ni la Akida, mshauri mkuu wa Mangi Meli. La Meli lenyewe halikutambuliwa katika tangazo hilo.

Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha kwa Maji Maji. Lilikuwa jambo jema na lilichelewa. Msamaha haujakamilika wakati mifupa iko kwenye maboksi ya ghala, na serikali yetu isiridhike na hotuba. Idai tarehe, idai ndege, idai gharama za maziko. Wizara ya elimu nayo iipe vita ya 1892 na kunyongwa kwa 1900 sura yake katika vitabu vya shule, na sababu zake zote, za kwao na za kwetu.

Nawe msomaji, ukifika Moshi kwa mlima au kwa shughuli zako, toa asubuhi moja. Kiboriloni bodaboda zipo tele, na ukisema Tsuduni watakuelewa. Mti uko wazi kwa kila mtu, na wazee wa hapo hawachoki kuulizwa.